Sisi Ndio Maeneo Machache

Kuna maneno mawili katika utabiri wa hali ya hewa ambayo siwezi kuyasikia nikabaki nimetulia: maeneo machache. Msomaji huanza na pwani, hushuka kusini, hupanda nyanda za juu, hupitia katikati ya nchi, na akifika kwetu mwishoni, pumzi imekwisha, husema Kagera na jirani zake watakuwa na mawingu, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Kisha muziki. Sisi ndio maeneo machache. Nimefundisha katika mojawapo ya hayo maeneo kwa miaka tisa, upande wa Biharamulo, na nimeona kilichoanguka juu yake.

Nchi hii ni kubwa, na hakuna anayeijua yote kwa ngozi yake. Julai moja dada yangu aliyeolewa Njombe alinipigia simu asubuhi, meno yanagongana, akaniambia maji aliyoyaacha nje kwenye beseni yameganda juu kama kioo, na mashina yake ya viazi yameungua kwa baridi. Siku hiyo hiyo mama yetu alikuwa Rulenge, wilaya ya Ngara, kule tulikozaliwa, amejifunika khanga tatu, ukungu haujaondoka migombani mpaka saa nne. Mimi nilikuwa darasani Biharamulo, mwendo wa saa chache tu kutoka kwa mama. Asubuhi watoto walikuja wamejikunyata, mikono imefichwa makwapani. Ilipofika saa saba mchana lilikuwa joto la tanuri. Darasa letu halikuwa na dari. Bati lilikuwa juu ya vichwa vyetu moja kwa moja, na watoto walilala usingizi wakiwa wamekaa, midomo wazi, jasho likidondokea madaftari.

Niliwapa wa darasa la nne insha fupi kuhusu hali ya hewa. Karibu nusu waliandika "hari ya hewa". Kwetu huku Kiswahili ni lugha ya shule na soko. Nyumbani mtoto anasema Kisubi, Kisukuma au Kihangaza, na l na r huingiliana. Nikachukua kalamu nyekundu nianze kukata. Nikasita. Hari ni joto. Tulikuwa tumekaa ndani ya hari hiyo tangu saa nne. Niliwapa alama zao nikaendelea.

Lakini sikuanza kuandika haya kwa ajili ya joto. Naandika kwa ajili ya paa.

Jengo lilikuwa na madarasa mawili yaliyoungana, la nne na la tano, ukuta mmoja katikati. Msimu wa mvua uliotangulia, upepo uliinua kona ya bati upande wa darasa la tano. Badala ya kulishusha paa na kulifunga upya, wazazi waliitwa walete mawe. Ndiyo, mawe. Kila mzazi aliambiwa alete jiwe moja kubwa la kukandamizia bati. Walikuja na mikokoteni ya ng'ombe, na wengine walibeba begani. Wengi wao ni Wasukuma waliohamia kutoka Mwanza na Shinyanga, watu wasiokataa kazi ya shule. Wakapanda, wakayapanga mawe juu ya vichwa vya watoto wao, kwa sababu walioagiza walikuwa viongozi wenye kalamu mifukoni.

Fundi mmoja wa kijijini, mzee mkimya aliyeezeka nusu ya nyumba za pale, alinivuta pembeni siku ile.

"Mwalimu, shida si bati. Kenchi, hizi mbao zinazobeba paa, hazijafungwa ukutani. Zimekalishwa tu. Upepo ukiingia chini ya hili paa, litaondoka lote kama kofia."

"Na mawe?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Mawe yatashuka, mama. Yataenda wapi?"

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa mtu wa makaratasi, si mbaya wa moyo, ila mwoga wa kila aliyekuja na gari. Nje ya ofisi yake, kwa rangi ya bluu, kulikuwa na maandishi yaliyochorwa tangu kabla hajaja: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilimweleza maneno ya fundi nikiwa nimesimama karibu na maandishi hayo.

"Andika barua, mwalimu," alisema.

Niliandika. Niliandika kwa Kiswahili kilichonyooka, nikataja kenchi, nikataja mawe, nikaomba madarasa hayo mawili yasitumike mpaka yafungwe. Nikabaki na nakala. Ilipita miezi. Mwezi wa saba, katikati ya kipupwe, siku isiyo na hata upepo wa kupeperusha jani, alikuja mkaguzi wa majengo. Alisimama mlangoni, mikono mifukoni kwa sababu ya baridi ya asubuhi, akainua kidevu.

"Paa si lipo?" akasema.

"Lipo leo," nilijibu.

Alicheka, akaandika kitu, akaenda kunywa chai. Hakuomba hata ngazi. Hasira niliyokuwa nayo asubuhi ile ilikuwa bado changa. Nilidhani hiyo ndiyo hasira.

Oktoba mvua zilichelewa. Tulikaa zaidi ya wiki nzima katika joto ambalo hata wenyeji walilinung'unikia. Watu walikuwa wamepanda maharage kwenye manyunyu ya kwanza, yakaota, yakasimama yakingoja. Asubuhi moja ujumbe uliingia kwenye kundi la walimu katika simu: angalizo la upepo mkali na mvua kubwa, mkoa wetu ukiwa umetajwa. Hapa lazima niseme haki. Siku ile watu wa utabiri walitimiza kazi yao. Sisi ndio hatukutimiza yetu.

Nilimpelekea mkuu simu mkononi. Alisoma, akanirudishia.

"Hiyo ni ya ziwani. Ni ya wavuvi."

"Hawajaandika ziwa, mkuu. Wameandika mkoa."

"Mwalimu, leo mchana tuna wageni kutoka wilayani. Wanakuja kuangalia mahudhurio. Unataka wakute madarasa matupu?"

Nikarudi darasani. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza siku ile, kwamba nilirudi.

Ilipofika saa nane mchana joto lilikuwa limetulia juu yetu kama godoro. Halafu likavunjika. Sijui neno lingine. Dakika moja mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho, dakika iliyofuata vinyweleo vya mikono vimesimama kwa baridi. Upepo wote ulikoma. Nje mwanga uligeuka wa kijani, na ikaja harufu ya majani yaliyopondwa. Mama yangu Rulenge alitulea na kanuni moja: joto likikatika ghafla namna hiyo, acha jembe, acha kikapu, kimbia, urubura uko njiani. Urubura ni mvua ya mawe kwa Kihangaza. Akilitaja neno hilo, sote tulikimbia bila kuuliza, hata baba.

"Acheni madaftari," niliwaambia watoto. "Simameni. Tunakwenda kanisani. Mbio, lakini hakuna kusukumana."

Kanisa lilikuwa ng'ambo ya uwanja, jengo fupi la matofali lenye paa lililofungwa vizuri, na fundi wake alikuwa yule yule mzee. Wakati watoto wanatoka, nilipita mlango wa darasa la tano. Mwenzangu, mwalimu kijana wa mwaka wake wa pili kazini, alikuwa ubaoni anafundisha hesabu za sehemu.

"Mwalimu, watoe watoto," nilimwambia. "Twende kanisani. Hali si nzuri."

Aliangalia upande wa ofisi. "Mkuu amesema nitoe?"

"Mimi nakwambia."

"Ngoja nimuulize."

Sikungoja. Darasa langu, watoto zaidi ya sitini, lilikuwa tayari katikati ya uwanja, na matone ya kwanza, mazito, yalikuwa yanapiga vumbi. Nilikimbia kuwafuata. Tulikuwa ndani, nafunga mlango, ndipo mvua ya mawe ilipoanza. Mawe ya barafu makubwa kama mayai ya njiwa yalipiga bati la kanisa kwa kelele iliyofuta sauti zote. Niliona midomo ya watoto ikilia bila kuwasikia. Kisha upepo ukaja. Kupitia dirishani niliona paa la shule likipumua. Lilipanda, likashuka, likapanda tena. Mara ya tatu halikushuka. Liliondoka kipande kimoja, kenchi na mbao na bati pamoja, likageuka hewani na kutua katika shamba la mihogo nyuma ya vyoo.

Mawe hayakwenda nalo. Fundi alikuwa amesema.

Mvua ilipopungua nilikimbia. Watoto wengi wa darasa la tano walikuwa wamejibanza chini ya madawati. Kijana yule alikuwa amewaingiza huko kwa mikono yake, akabaki yeye nje, kichwa kinavuja damu. Hilo nalisema kwa heshima yake. Lakini binti mmoja alikuwa bado ameshika ukingo wa dawati wakati jiwe liliposhuka. Mkono wa kulia. Alikuwa analia kimya kimya, anaangalia vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Katika mfuko wa sketi yake michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyofungiwa na mama yake ilikuwa imelowa, ikageuka uji. Nakumbuka hiyo michembe kuliko damu.

Tulimfunga mkono kwa kitambaa changu cha kichwa, akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na mkuu wa shule mwenyewe, wakaenda hospitali ya wilaya barabara ikiwa nyeupe kwa barafu. Wageni wa mahudhurio hawakuja. Walisikia mvua inakuja wakaahirisha.

Mama wa yule binti alifika kwa miguu, matope mpaka magotini. Alikuwa ametoka shambani, ambako maharage yake yote yalikuwa yamelala chini kama yaliyokanyagwa na kundi la ng'ombe. Hakuuliza habari ya maharage, na wala hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Jiwe lipi?"

Sikuelewa.

"Jiwe lipi, mwalimu? Baba yake naye alileta."

Nilimwambia sijui. Ni kweli nilikuwa sijui. Yalikuwa yamezagaa sakafuni mengi, na yote yalifanana.

Siku ya nne walikuja viongozi, magari mawili. Mkutano uliitishwa uwanjani, wazazi wamekaa kwenye nyasi, wageni kwenye viti. Mmoja wao, mtu mwenye sauti nzuri, alisimama akatoa pole kwa niaba ya ngazi zote. Akasema hii ni kazi ya Mungu na haina makosa. Halafu, maana sauti nzuri huwa haijui pa kuishia, akaongeza kwamba nasi tujitafakari. Miti imekwisha. Ndugu zetu waliohamia kutoka mikoa mingine wamekata msitu kwa ajili ya mashamba na mifugo, sasa upepo hauna wa kuuzuia.

Niliwaona Wasukuma wakiinamisha vichwa. Watu waliobeba mawe mabegani! Na familia za zamani za pale, Wasubi na Wazinza, wengine walitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ni raha kupata wa kulaumiwa.

Mama wa binti akasimama. Khanga yake ilikuwa bado na alama za tope.

"Shikamooni," alisema. Wageni wakajibu marahaba, wengine wakicheka kidogo. "Nimesikia ni kazi ya Mungu. Naomba kuuliza. Ni Mungu alipigilia ile misumari?"

Akakaza fundo la khanga yake, akaendelea.

"Miti nimekata, sikatai. Nimekata ya kupikia na ya zizi. Lakini mimi nyumba yangu ya nyasi ipo. Ilipigwa na upepo huo huo, ipo. Mje muione. Kwa nini ya nyasi ipo na ya bati haipo?"

"Mama, kaa, tutajibu kwa utaratibu," alisema yule wa sauti nzuri.

Ndipo nilipoinuka. Sikuwa nimepanga. Nakala ya barua ilikuwa katika mkoba wangu kwa sababu tangu siku ile sikuweza kuitoa humo. Niliisoma yote, na tarehe yake, na mahali nilipoandika kwamba mawe yatawashukia watoto. Nilipomaliza nikasema, "Paa lilikaguliwa mwezi wa saba. Aliyekagua hakuomba ngazi." Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkutano ulifungwa kwa sala.

Wiki iliyofuata nilipokea barua kutoka wilayani. Nilitakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini niliondoa wanafunzi darasani saa za masomo bila kibali cha mkuu wa shule. Niliisoma mara tatu nikitafuta aibu ndani yake, nisiione. Nilijibu kwa sentensi moja: "Niliwaondoa kwa sababu nilitaka wabaki hai." Mkuu aliniomba nibadilishe, niweke lugha ya kiofisi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani hakuwa analala. Nilimwambia hiyo ndiyo lugha niliyonayo. Kabla mwaka haujaisha nilihamishwa, kwa mahitaji ya kazi, kwenda Ngara.

Paa halikungoja wilaya. Yule mzee fundi aliwakusanya wazazi, wakalirudisha kwa mbao mpya, kila kenchi imefungwa kwa waya mnene uliopitishwa ndani ya ukuta. Hakuna jiwe hata moja juu. Niliambiwa kwamba alipomaliza alimwita mama wa binti apande ngazi aguse waya kwa mkono wake, naye akapanda mbele ya watu wote, akavuta kila mmoja.

Binti alipona, isipokuwa vidole viwili havikunjiki tena. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mama yake alinitumia picha ya daftari: herufi kubwa, zimelala upande kama mahindi baada ya upepo, lakini zinasomeka. Nilifurahi, kisha nilifura. Watu husema "angalau amepona" wakitaka nami niseme angalau. Sisemi. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Sasa niko karibu na mama yangu, katika shule ya vilimani ambako kipupwe kinauma kuliko Biharamulo na watoto huja wamevaa mashati mepesi kana kwamba nchi nzima ni Dar es Salaam. Siku ya kwanza niliporipoti niliomba ngazi. Mkuu mpya, mwanamke wa makamo, alidhani natania. Nilipanda nikiwa na sketi, nikaingiza kichwa chini ya bati, nikahesabu kenchi zilizofungwa na zisizofungwa, nikashuka na kumpa orodha. Hakupenda. Zimefungwa zote sasa, ilichukua mihula miwili ya kumchosha.

Mwaka jana nilikutana na yule mwalimu kijana kwenye stendi ya Biharamulo nikiwa safarini. Ana kovu juu ya nyusi. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akatazama chini.

"Madam, siku ile uliniita mara moja tu."

"Niliona watoto wangu wako mvuani."

"Najua. Nasema tu kwamba ungeniita mara ya pili, ningetoka. Nilikuwa tayari nimeweka chaki chini."

Nilitaka kumkasirikia, maana nimezoea, na hasira ina kiti chake ndani yangu. Haikupata pa kukaa. Gari lake likaita abiria, akanishika mkono, akaondoka. Niliketi kwenye benchi la stendi, na kwa mara ya kwanza hasira ile yote ya mkaguzi, ya mkuu, ya sauti nzuri, iligeuka ikanitazama mimi.

Tangu hapo naita mara mbili. Naita mara tatu. Wiki iliyopita joto lilikatika ghafla mchana, na ingawa kenchi zetu zimefungwa, nikatoa watoto wa madarasa yote manne ya upande wetu, nikiwapigia kelele walimu mpaka wakatoka, tukakimbilia ukumbi wa parokia. Ikanyesha mvua ya kawaida, ya nusu saa. Watoto walilowa bure. Mmoja alipata homa, na asubuhi yake wazazi wanne walikuja kwa mkuu kulalamika, mmoja wao akiwa bibi mwenye fimbo.

Niliitwa. Nilimwamkia bibi, shikamoo, akaitikia kwa uso uliokunjwa. Niliomba radhi kwa homa ya mtoto, na nilimaanisha. Nilikuwa nimeshapita kwao na dawa na limau.

"Kwa hiyo hutarudia," bibi alisema.

"Nitarudia, bibi," nilimwambia. "Wingu likija vile tena, nitarudia kesho."

Aligonga fimbo sakafuni, akamgeukia mkuu. Mkuu akamvutia bibi kiti. Nikaomba ruhusa, nikarudi darasani, kipindi kilikuwa kimeshaanza.